Namna ya Kupitisha Bomba la Maji Kwenye Kona Kali

Anayepandisha maji kutoka bondeni hadi vijiji vya juu ya Uwanda wa Makonde, iwe Newala au Tandahimba, hulipia kila mita ya kimo kwa dizeli au kwa umeme, na kwa hiyo hana sababu ya kuipoteza kwenye kona.

Fahamu kwanza kinachotokea ndani ya bomba. Maji yanayokwenda mita 1.5 kwa sekunde katika bomba la inchi 1 yana namba ya Reynolds, yaani kipimo cha kuonyesha kama mtiririko umetulia au una msukosuko, ya takriban 40,000, ilhali utulivu wa mtiririko huwa umekwisha namba hiyo ikishapita takriban 4,000. Mkondo huo wenye msukosuko ukifika kwenye kiwiko (kiungo cha kupindisha bomba) chenye kona kali hauwezi kujipinda ghafla: husukumwa kwenye ukuta wa nje, ambako presha hupanda, na kubanduka kwenye ukuta wa ndani, ambako maji hubaki yakizunguka pale pale bila kusonga mbele. Njia iliyobaki huwa nyembamba, kasi huongezeka, na mkondo unapotanuka tena sehemu ya nguvu ya pampu hupotea.

Ili kukadiria kimo kinachopotea, zidisha kasi (mita kwa sekunde) kwa kasi, gawanya kwa 19.6, kisha zidisha kwa kigezo cha kona; jibu ni kwa mita. Kiwiko cha kawaida cha nyuzi 90 cha kufunga kwa hesi kina kigezo cha karibu 0.9, bomba lililokatwa mshazari na kuunganishwa huzidi 1, na bendi ndefu, yaani kona inayopinda taratibu, huwa karibu 0.3. Kwa kasi ya mita 2 kwa sekunde, viwiko kumi hula takriban mita 1.8, na bendi ndefu kumi hula mita 0.6 tu. Kasi ikipungua kwa nusu, hasara hubaki robo. Kwa hiyo mwenye fedha ya jambo moja tu naona aongeze kipenyo cha bomba kwanza ili kasi ishuke, bendi zifuate. Asikubali pia bomba la PVC likunjwe kwa kuchomwa moto, kwa sababu upande wa nje huwa mwembamba na wa ndani hubonyea.

Mita ya maji iwekwe baada ya kipande kilichonyooka chenye urefu wa walau vipenyo kumi kutoka kwenye kona, yaani nusu mita kwa bomba la milimita 50. Kiwiko kisikae mdomoni mwa pampu upande wa kuvuta.

Linalosahaulika zaidi ni kani inayosukuma kona kwenda nje. Bomba la milimita 110 lenye presha ya bari 6 husukuma kona ya nyuzi 90 kwa takriban kilonyutoni 8, sawa na uzito wa kilo 800 na ushei, na karibu kani yote hiyo hutokana na presha, hivyo ipo hata maji yakiwa yamesimama. Katika udongo wa kichanga wa Mtwara na Lindi, mimina zege upande wa nje wa kona, liegemee udongo ambao haujachimbwa, na ulipanue kuliko ambavyo ungefanya penye mfinyanzi mgumu. Ukubwa wake ukokotolewe kwa presha ya majaribio, ambayo huzidi ile ya kila siku. Liache zege likomae, jaza bomba polepole huku ukitoa hewa, na usifukie maungio mpaka jaribio liishe bila kuvuja.