Unasoma nini sasa? Namna ya kuandika taarifa ya usomaji kwa wapenzi wa fantasia na bunilizi ya kisayansi

Swali la "mnasoma nini wiki hii?" likirushwa kwenye kundi la mtandaoni la wapenzi wa fantasia (hadithi za uchawi na dunia za kubuni) na bunilizi ya kisayansi (science fiction), majibu mengi huja hivi: picha ya jalada, alama tatu za moto, na maneno "kitabu kikali, msikose". Baada ya siku mbili hakuna anayekumbuka kilikuwa kitabu gani. Aliyetaka kukitafuta hajui kama ni cha kwanza au cha tano katika mfululizo, kama ni kirefu au kifupi, wala kama kinamfaa. Taarifa nzuri ya usomaji, yaani ujumbe wa kujibu swali hilo, humpa mwenzako vitu vya kuamulia mwenyewe, bila kummalizia uhondo. Mistari sita hadi minane inatosha.

Kitambulishe kitabu

Taja jina la kitabu, mwandishi, mwaka kilipotoka mara ya kwanza, lugha unayosomea, na namba yake kama kimo kwenye mfululizo. Kitabu chenye majina mawili, yataje yote. Riwaya ya Philip Pullman iliyotoka Uingereza mwaka 1995 kwa jina la Northern Lights inauzwa Marekani kwa jina la The Golden Compass. Asiyejua anaweza kununua zote mbili akidhani amepata juzuu mbili tofauti.

Mitego mingi iko kwenye namba ya mfululizo, maana mfululizo mmoja unaweza kuwa na mpangilio wa aina mbili: jinsi vitabu vilivyotoka, na jinsi matukio yanavyofuatana ndani ya hadithi. Chukua vitabu saba vya Narnia vya C. S. Lewis. Kilichotoka kwanza, mwaka 1950, ni The Lion, the Witch and the Wardrobe. Lakini matoleo mengi ya sasa yanakipa namba 2, kwa sababu The Magician's Nephew cha mwaka 1955 kinasimulia mambo ya nyuma zaidi. Ukiandika tu "niko Narnia namba 2", mmoja atadhani unasoma kitabu kimoja, mwingine kingine. Andika namba pamoja na mwaka, utata utakwisha. Kwa anayeanza, ushauri wetu ni kufuata mpangilio wa kutoka kwa vitabu. Mwandishi anaporudi nyuma kueleza chanzo cha jambo, huandika akijua kwamba msomaji ameshalikuta jambo lenyewe, na nusu ya raha iko hapo.

Kuna pia riwaya moja iliyokatwa vipande. The Lord of the Rings ya Tolkien iliandikwa kama riwaya moja, ikatolewa kwa juzuu tatu kati ya 1954 na 1955, na ndani yake imegawanywa katika vitabu sita. Anayesema "nimeanza kitabu cha tatu" huenda yuko mwanzo wa juzuu ya pili au mwanzo wa juzuu ya tatu, na kati ya sehemu hizo mbili kuna siri nyingi za kumfichulia mtu.

Sema umefika wapi

Hapa ndipo taarifa nyingi zinapoharibika. Namba ya ukurasa haimsaidii mwenye toleo lingine, na kwenye simu inabadilika kila ukikuza maandishi. Asilimia nayo inadanganya: vitabu vya fantasia hubeba viambatisho, orodha za majina, na mara nyingi sura ya kwanza ya kitabu kinachofuata. Hadithi inaweza kuisha asilimia 88 au hata mapema zaidi, na msomaji aliyejipangia kwamba bado ana jioni mbili anashtukia imekatika.

Taja sura, kisha ongeza tukio moja lisilofichua kitu: "sura ya 14, msafara umetoka mjini". Tukio hilo ni la lazima kwa vitabu vya tafsiri, maana hata sura zinaweza kuhamishwa. Tafsiri ya Kiingereza ya The Three-Body Problem ya Liu Cixin, iliyofanywa na Ken Liu na kutoka mwaka 2014, inaanza na matukio ya Mapinduzi ya Utamaduni ya China. Kitabu cha Kichina cha mwaka 2008 kiliyaweka matukio hayo katikati. Wawili wanaosoma kitabu kimoja kwa lugha mbili wanaweza kuwa wote "sura ya tatu", mmoja akawa anajua jambo ambalo mwenzake hajalifikia kabisa.

Wanaosikiliza vitabu vya sauti wataje sura pia, wala si saa na dakika, kwa sababu kila msimulizi ana mwendo wake. Wana shida nyingine: hawajawahi kuyaona majina yameandikwa. Mhusika mmoja huandikwa kwa namna tatu kwenye kundi moja, na anayetafuta mjadala wa zamani hapati kitu. Kabla ya kutuma, fungua kurasa za mwanzo zinazoonyeshwa bure kwenye duka la vitabu mtandaoni, uyanakili majina kama yalivyo.

Eleza dunia ya kitabu, acha kusimulia hadithi

Msomaji wa fantasia anataka kujua anaingia nchi gani kabla ya kujua nani ataoa nani. Kwa uchawi, jibu maswali matatu: nani anaweza kuutumia, unamgharimu nini, na nani amenyimwa. Jibu la sentensi moja linatosha: "uchawi ni wa kurithi, ukiutumia unapoteza kumbukumbu, na watumwa wamekatazwa kujifunza." Kwa bunilizi ya kisayansi, maswali ni mengine. Safari kati ya nyota inachukua miaka au dakika? Mashine zina akili na haki? Dunia yetu bado ipo? Jibu la swali la kwanza peke yake hubadilisha kitabu kizima. Safari ikichukua miaka 200, anayeondoka anawaaga ndugu zake moja kwa moja, na riwaya itakuwa ya majonzi hata kama jalada lina roketi na milipuko.

Angalizo: kuna vitabu ambavyo jibu la maswali hayo ndilo siri yenyewe. Kama msomaji anatakiwa agundue mwenyewe kwamba ufalme ule wenye mapanga na wafalme uko kwenye sayari iliyosahaulika, usikiite kitabu "bunilizi ya kisayansi". Kiite kama kinavyojiita nyuma ya jalada, ukomee hapo.

Kisha mwendo. Sema wasimulizi ni wangapi, jambo linaanza kuchangamka sura ya ngapi, na kama kuna maneno mengi ya kubuni. Hivi ndivyo vitu vinavyowafanya watu waache vitabu. Msomaji aliyeambiwa mapema kwamba sura tatu za kwanza zina wasimulizi watatu wasiojuana atavumilia. Asiyeambiwa atadhani amepotea njia.

Riwaya za Kiswahili zinahitaji uangalifu wa pekee hapa, kwa sababu mara nyingi zinatangazwa kwa sifa zisizo zao. Kusadikika ya Shaaban Robert, ya mwaka 1951, inahusu nchi iliyo angani, na wajumbe wake wanasafiri hadi mbinguni na ardhini. Lakini sehemu kubwa ni kesi: Karama anajitetea barazani kwa kuwasimulia wakubwa safari hizo. Mwambie mwenzako ajiandae kwa hoja na mafumbo. Nagona na Mzingile za Euphrase Kezilahabi hazifiki kurasa 100 kila moja, ila zinataka kusomwa taratibu, na pengine kurudiwa. Ni falsafa iliyovaa ndoto. Anayetaka safari ya anga kwa Kiswahili mwelekeze kwenye Walenisi ya Katama Mkangi, ya mwaka 1995, ambamo mtu aliyehukumiwa kifo anatiwa kwenye chombo cha angani. Vitabu hivi vinastahili wasomaji wengi zaidi, na watakaovipenda ni wale walioelezwa ukweli kabla ya kuanza.

Usimmalizie mwenzako uhondo

Kanuni inayofanya kazi: yaliyo nyuma ya jalada la kitabu cha kwanza yanasemeka, yaliyo katika robo ya kwanza yanasemeka kwa tahadhari, yaliyobaki yafichwe. Nyuma ya jalada la kitabu cha pili si salama, kwani maelezo yake hutaja nani alinusurika kwenye cha kwanza. Orodha ya wahusika, mti wa ukoo na faharasa ya mwishoni pia hufichua: mtu anayeitwa "Malkia" kwenye faharasa wakati wewe bado unamjua kama mchunga mbuzi ni habari tosha.

Usiandike "subirini mwisho, mtashangaa". Ukishasema hivyo, msomaji anaacha kufuata hadithi anaanza kuusaka mshangao, na kwa kawaida anaukamata mapema. Usipige picha ya ukurasa mzima ili kuonyesha sentensi moja nzuri. Jicho linashuka lenyewe hadi aya inayofuata. Nakili sentensi hiyo kwa mkono.

Kwenye Telegram na Discord, weka mistari wima miwili mwanzoni na miwili mwishoni mwa maneno ya kuficha, ||hivi||, nayo yatafunikwa mpaka mtu ayaguse. Kwenye WhatsApp fanya hivi: mstari wa kwanza andika jina la kitabu, sura, na neno SIRI, kisha nukta moja kila mstari mpaka maandishi yashuke na ujumbe ukatwe kwa "Soma zaidi". Jitumie mwenyewe kwanza uone umekatika wapi. Mstari wa kwanza una kazi kubwa, kwani ndio unaoonekana kwenye arifa ya simu iliyofungwa na ndio unaobebwa mtu akikujibu kwa kunukuu. Siri nyingi huvuja kwenye majibu: mwenye taarifa ameficha vizuri, anayemjibu anaandika wazi "eeh, hata mimi nililia alipokufa". Kwa hiyo anayejibu siri naye afiche.

Ujumbe wa sauti una hatari yake, maana hakuna anayeweza kuuchungulia. Sekunde kumi za mwanzo ziwe jina la kitabu, sura, na kama kuna siri ndani. Kisha nyamaza kidogo kabla ya kuendelea.

Taarifa yenyewe inavyokaa

Huu ni mfano, kwa novela (riwaya fupi) ya Nnedi Okorafor:

Binti, Nnedi Okorafor, 2015. Ya kwanza kati ya novela tatu (2015, 2017, 2018). Kiingereza, kitabu cha karatasi.
Nimefika: mhusika mkuu yuko safarini, chombo hakijatua.
Dunia: msichana wa Kihimba, bingwa wa hisabati, anatoroka kwao kwenda chuo kikuu cha sayari nyingine. Vyombo vya anga ni viumbe hai.
Mwendo: msimulizi mmoja, kinaingia kwenye jambo haraka. Kifupi, jioni mbili zinatosha.
Tahadhari: mauaji ya watu wengi, tena mapema.
Kitamfaa: anayependa hadithi za kuondoka nyumbani. Hakitamfaa anayetaka vita virefu vya angani.
Swali kwa aliyemaliza: nisome novela tatu mfululizo, au ya kwanza inasimama peke yake?

Usiruke mstari wa mwisho. Taarifa isiyo na swali hupata dole gumba na kimya. Yenye swali dogo, linalojibika bila kufichua kitu, hupata majibu hata kutoka kwa waliosoma kitabu zamani. Na mstari wa "hakitamfaa" ndio unaowafanya watu waanze kukuamini. Msomaji akikuta mara mbili kwamba onyo lako lilikuwa la kweli, sifa zako nazo atazifuata.

Kuuendesha mjadala

Chagueni siku moja ya wiki na mtu mmoja wa kufungua. Ijumaa jioni au Jumapili zinafaa kuliko katikati ya wiki. Mfunguzi anaandika ujumbe mmoja, anaubandika juu ya kundi kwa siku 7, na kila mtu anajibu kwa kuunukuu huo. Bila kunukuu, taarifa zinachanganyika na salamu na matangazo ya biashara, na baada ya saa chache hazipatikani. Kabla ya kufungua wiki mpya, mfunguzi akusanye majina ya vitabu vyote kwenye orodha moja: jina, mwandishi, nani anakisoma. Orodha hiyo ndiyo inayowakutanisha wawili walio kwenye kitabu kimoja.

Mtu atauliza "nani ana PDF?" Mbali na haki ya mwandishi, mafaili yanayozunguka huwa na kurasa zilizoruka na herufi zilizosomwa vibaya na mashine, na kwenye kitabu chenye majina ya kubuni huwezi kujua kama neno ni la mwandishi au ni kosa. Mpeni njia ya halali. Majarida ya Omenana, Clarkesworld na Strange Horizons yana hadithi fupi za bure mtandaoni. Project Gutenberg, maktaba ya bure ya mtandaoni, ina kazi za zamani kama The Time Machine ya H. G. Wells ya mwaka 1895, fupi na nzuri kwa anayeanza.

Ukiacha kitabu njiani, toa taarifa vilevile. Taja sura uliyoishia na sababu moja inayoeleweka: "nimeishia sura ya 9, wasimulizi saba, na ninayempenda anarudi kila baada ya sura sita." Mwingine atasoma sababu hiyohiyo akaona ndicho kitabu anachokitafuta. Kuandika "kibovu" kunamfungia mlango huyo, na kunamnyamazisha aliyekuwa anakisoma kwa raha. Kama uliacha kwa uchovu tu, sema hivyo, na usikihesabu kuwa umekisoma. Kiweke kwenye orodha kwa alama ya "nimeegesha", pamoja na sura, ili ukirudi miezi sita baadaye ujue pa kuanzia na wenzako wajue wasikuambie nini.