Umeokoka ila tamaa bado zipo? Anza hivi

Jamani usingoje tamaa ziishe ndo uanze kuishi kikristo, chagua moja tu inayokusumbua. Mie ilikuwa mizani, nauza dagaa sokoni Darajani, Unguja, na kidole gumba kilikuwa kinasaidia kupima, yaani nawapunja wateja, basi kila asubuhi nikawa naomba naitaja kwa jina, sio zile "nisamehe yote" za jumla. Halafu rudisha ulichodhulumu. Zakayo, yule mtoza ushuru wa kwenye Biblia, alisema atarudisha mara nne, mie nilianza kumuongezea dagaa bi mkubwa mmoja wa Michenzani niliyempunja, aibu niliyoona! Soma Wagalatia 5 polepole, lile ni tunda la Roho, hulivuti likaiva. Na Jumapili ukitoka kanisani, Minara Miwili au Mkunazini usikimbilie nyumbani, tafuta mwenzio wa kukuuliza "vipi, mizani wiki hii?" Mwezi wa tatu hivi ndo nikaona kidole chenyewe hakitaki.