Kuongoza kikundi cha vijana kueleza hisia zao
Ukiandaa kikundi cha vijana balehe Mbagala au Tandale, jijini Dar es Salaam, anza na wanayoyaweza kabla ya kuuliza yanayowasumbua: kila mmoja amtajie mwenzake jambo alilomwona akilifanya vizuri, hata kama ni kumbembeleza mdogo wake kwenye daladala iliyojaa.

Kisha wape daftari waandike yaliyowaumiza na wanavyojisikia. Katika utafiti wa mwaka 1986, watafiti James Pennebaker na Sandra Beall waliwataka wanafunzi wa chuo nchini Marekani waandike kwa dakika 15 kila siku, siku nne mfululizo. Walioandika tukio chungu pamoja na hisia zake walihuzunika papo hapo, ila miezi iliyofuata walikwenda zahanati mara chache kuliko walioandika mambo ya kawaida. Kwa hiyo wakifunga daftari, usiwaruhusu kuondoka mara moja (wala usisahihishe tahajia, mwalimu). Anayetaja kujidhuru usimwahidi siri. Mfikishe kwa mshauri, au piga 116, simu ya bure ya huduma kwa mtoto.