Somo: Kuotesha Baptisia australis kwa mbegu

Huu ni mnili mwitu wa buluu, jamii ya kunde, asili yake mashariki na katikati ya Marekani. Walowezi waliutumia kutia nguo rangi pale nili halisi ilipokosekana, ingawa rangi yake ni hafifu. Ugumu wote uko kwenye mbegu, maana ngozi yake haipitishi maji.

1. Vuna maganda yakishakuwa meusi na mbegu zikicheza ndani. Yenye tundu tupa, fukusi ameshamaliza kiini.

2. Sugua mbegu kati ya karatasi mbili za msasa mpaka mng'aro utoke. Ishia hapo, ukifika kwenye kiini, itaoza.

3. Loweka saa 24. Zilizovimba ziko tayari, ambazo hazikuvimba zirudi kwenye msasa. Wengi huruka hatua hii ya kuchambua, kisha hulaumu udongo.

4. Changanya na mchanga wenye unyevu usiochuruzika, weka kwenye friji, nyuzi 4 hivi, angalau siku 10. Ikichungulia mzizi, panda siku hiyohiyo.

5. Tia chanjo ya rizobiamu (bakteria wa mizizi ya kunde) inayofaa Baptisia, fukia sentimita 1 kwenye chungu kirefu. Mzizi mkuu hushuka upesi, trei fupi huupinda.

6. Hamishia shambani mche ungali mdogo, penye jua la kutwa na udongo usiotuamisha maji. Acha mita 1 kati ya mimea.

MASWALI

– Wakuu, huu mwaka wa pili naona majani tu. Niongeze mbolea?
Hapana. Unajenga mzizi kwanza. Maua hutegemewa mwaka wa 3 au wa 4. Naitrojeni itakupa mashina laini tu.

– Wangu unaanguka pande zote. Niung'oe nikaupande kwingine?
Usiung'oe, mzizi mkuu ukikatika unadumaa au unakufa. Mara nyingi sababu ni kivuli: punguza matawi ya miti ya jirani. Maua yakiisha, kata theluthi ya juu, ila hapo umesamehe maganda.

– Nipo Mombasa, utakubali?
Mbegu itaota, mkuu, lakini mmea huu hulala kila kipupwe na unahitaji baridi hiyo. Pwani tafuta Indigofera, mnili wa nili halisi.

– Mbuzi wanaweza kuula?
Wazuie. Una saitisini, ni sumu, hata kwa watoto wanaochezea maganda.