Jirani akinyamaza baada ya janga: venye unaweza kumsaidia

Korona ilipoingia Nairobi Machi 2020 tuliambiwa tunawe mikono, tuvae barakoa, tuwe ndani kafyu ikifika, lakini venye utakaa na mtu roho yake imechoka hakuna aliyetufunza. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka wa kwanza wa janga wasiwasi na depresheni viliongezeka kwa asilimia 25 duniani, wanawake na vijana ndio wakaumia zaidi, na mimi hiyo kitu niliiona kwa ploti yetu kabla sijaisoma popote.

Kulikuwa na dada mlango wa tatu, alikuwa anauza nguo za watoto Gikomba. Serikali ikapiga marufuku mitumba kuingia nchini, akakaa akingoja. Agosti marufuku ikaondolewa, wenzake wakarudi sokoni, yeye hakurudi. Nguo alizoanika Jumanne, Ijumaa bado ziko kwa kamba, zimenyeshewa zikakauka zikanyeshewa tena, na sisi wote tulikuwa tunazisukuma kando tuanike zetu.

Kwa hivyo anza hapo, angalia kilichobadilika. Usiku halali au analala mchana kutwa, chakula hakipiti, vitu alivyopenda havimwambii kitu. Ikienda wiki mbili karibu kila siku, huo si uvivu wala si kiburi. Mtoto naye hatakuambia ana huzuni, atalia tumbo linauma au awe mkali bila sababu.

Usimuulize "uko poa?" Nairobi kila mtu ako poa, hata aliyelala njaa. Mimi nilizikunja zile nguo nikabisha nazo, nikamuuliza amekula nini leo. Akaziangalia kitambo, akasema hakumbuki kuzifua. Nikaketi.

Akianza kuongea, wewe nyamaza, na tafadhali usimwambie kuna wenye wamepitia mabaya kuliko yake. Kama mnaomba, ombeni, kisha bado muende kliniki.

Kuna swali gumu na lazima uliulize waziwazi: umefikiria kujiua? Kuuliza hakumpandii hilo wazo kichwani. Akisema ndio, usimwache peke yake, ondoa dawa ya panya na vidonge kwa nyumba, piga 1199 ya Msalaba Mwekundu, ni bure, au mfike hospitali usiku huohuo. Wengi walificha kwa kuogopa polisi, manake aliyejaribu kujiua alihesabiwa mhalifu, lakini Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema kifungu hicho kinakiuka katiba.

Halafu pesa. Mtu mwenye deni la nyumba la miezi mitatu hutamtibu kwa kumwambia apumue polepole, kwa hivyo twende naye kwa keateka aombe kulipa kidogo kidogo, chama kichange hata mia mia, na siku ya kliniki uketi naye kwa benchi mpaka aitwe. Akipewa dawa mwambie mapema kwamba huchukua wiki kadhaa kabla hajahisi tofauti, la sivyo ataziacha siku ya tano akidhani hazifanyi kazi, na hapo ndipo wengi wanapotelea.

Akianza kucheka tena usikate mguu. Mimi napita kwake kila Alhamisi jioni, sasa yuko na meza yake Gikomba, tunapanga nguo za kesho huku tukiongea.