Kupima kijito kwa chungwa: je, msitu unalisha maji ya kiangazi?

Nimeandika hatua hizi baada ya kumsaidia katibu wa jumuiya ya watumia maji huku Uluguru, milima inayolisha mto Ruvu, ambao Dar es Salaam inautegemea kwa maji. Alitaka kulinganisha kijito cha msituni na cha mashambani.

Hatua ya 1. Chagua vijito viwili vya upande mmoja wa mlima, vyenye miteremko inayokaribiana kwa ukali. Upande wa mashariki, unaotazama bahari, hupata mvua nyingi kuliko wa magharibi. Ukichanganya pande, unapima mvua, si msitu.

Hatua ya 2. Panda na kijito hadi kwenye chemchemi kabla ya kupima chochote. Kuiruka hatua hii kulinigharimu siku mbili. Nilikuta kijito cha mashambani kimenywea, nikaandika kwamba kulima mteremko ndiko kumekikausha. Mzee mmoja akaniuliza, "Mwanangu, mipira umeihesabu?" Huko juu kulikuwa na mipira minne ya maji ikimwagilia kabichi. Basi pima juu ya mipira na mifereji yote, au waombe wakulima wafunge usiku kucha, upime alfajiri. Mikaratusi ikiwa imezunguka chemchemi, iandike peke yake: inakunywa maji mno, usiihesabu kama msitu wa asili. Tena usipime mvua ikiwa imenyesha karibuni. Kwenye shamba tupu lenye mteremko maji hayazami, yanakimbia na udongo, na kijito huonekana kimeshiba kwa siku chache. Mimi husubiri siku kumi kavu, na Septemba naipenda kuliko miezi yote.

Hatua ya 3. Pima mita 10 zilizonyooka, upana, na kina mahali patano. Achia chungwa lielee mita hizo 10, uhesabu sekunde. Kijiti hapana: chungwa huzama karibu lote, upepo haulisukumi. Rudia mara tano, chukua wastani.

Hatua ya 4. Upana mita 1.2, kina mita 0.15, chungwa sekunde 25, yaani kasi 10 ÷ 25 = mita 0.4 kwa sekunde: 1.2 × 0.15 × 0.4 × 0.65 = mita za ujazo 0.047, yaani lita 47 kwa sekunde. Hiyo 0.65 hupunguza kasi ya chungwa, maana maji ya juu hukimbia kuliko ya chini; ni ya kijito cha mawe chenye kina kifupi. Chini kukiwa laini, weka 0.85.

Hatua ya 5. Gawanya kwa eneo la bonde linalokilisha kijito, ili bonde kubwa na dogo yalinganishwe kwa haki. Natumia QGIS, programu ya ramani ya kompyuta, ramani ikiwa kwenye UTM 37 Kusini, mfumo wa vipimo vya mita unaofaa eneo hili.

Hatua ya 6. Peleka namba kwenye mkutano wa kijiji. Anzeni na mita 60 kutoka kwenye maji, ambamo Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kuhatarisha chanzo; mashamba ya juu yake yachimbiwe fanya juu, yaani mifereji inayokata mteremko, udongo wake ukitupwa upande wa juu kuwa tuta, na matuta hayo yapandwe majani ya ng'ombe.