Madoa meusi usoni: zuia jua kwanza, ndio upake dawa

Kabla hujatoa hela yako kununua krimu yoyote, asubuhi simama dirishani na kioo cha mkononi, sio kwenye taa ya bafuni maana ile inadanganya, alafu angalia madoa yako yamekaaje. Kama ni vidoti vidoti pale chunusi zilipokuwa, hayo ni madoa ya chunusi na yanatibika vizuri tu. Kama ni bakabaka pana, kwenye mashavu yote mawili, paji la uso na juu ya mdomo, yani upande huu unafanana na ule, hiyo mara nyingi ni melasma, inakuja sana na ujauzito au vidonge vya uzazi wa mpango na jua linaichochea. Doa moja linalokua, limevimba au linatoa damu usilipake kitu, nenda hospitali.

Mimi yangu yalikuwa ya chunusi. Nikasikia ndimu inatoa, nikapaka ndimu na chumvi kwenye shavu la kushoto nikatoka zangu sokoni, mchana ule shavu likawaka moto, jioni ngozi imekuwa nyekundu imevuta, na baada ya wiki doa lililokuwa kama punje ya mtama limekuwa kama kifungo cha shati. Nilikaa nalo miezi saba. Hapo ndio nilielewa kitu ambacho natamani kila mwenye ngozi kama yangu akijue, ngozi yetu ikiumizwa inajibu kwa kutoa weusi zaidi. Ukiikwangua, ukiichoma, ukiisugua na dawa ya meno au magadi, unatengeneza doa jipya juu ya lile la zamani. Kwahiyo ukiona kitu kinawasha sana usijidanganye kwamba ndio kinafanya kazi.

Sasa jua. Jamani hapa naomba msiruke, maana unaweza kupaka dawa ya bei mbaya miezi mitatu na jua la saa saba likarudisha kila kitu. Sanskrini, yani krimu ya kuzuia jua, iwe SPF 30 au zaidi (SPF ni kipimo cha kinga yake), na kiasi chake ni mistari miwili, mmoja kwenye kidole cha shahada na mwingine kidole cha kati, hiyo ni ya uso na shingo, wengi tunapaka kidogo mno alafu tunasema haisaidii. Ukiwa nje rudia kila baada ya masaa mawili. Kwa melasma tafuta ile yenye rangi ya udongo kidogo, ile rangi ni oksaidi ya chuma na inazuia mwanga wa kawaida tunaouona, ambao nao unatia weusi kwenye ngozi nyeusi na sanskrini isiyo na rangi haiuzuii vizuri. Kofia pana, mtandio na mwavuli navyo ni dawa.

Ukishazoea kujikinga na jua ndio chagua dawa, na uanze na moja tu. Mimi nampa kila mtu asidi ya azelaiki kwanza, ya asilimia 15 au 20, unapaka asubuhi na usiku, inatibu chunusi na doa kwa pamoja na hata mjamzito anaweza kuitumia. Wiki za mwanzo inaweza kuchomachoma kidogo, ikizidi paka usiku tu. Kama una chunusi nyingi, adapalini au tretinoini usiku, kiasi cha punje ya njegere kwa uso mzima, usiku mbili kwa wiki kwanza, na kama ngozi yako ni kavu tangulia na losheni. Hizi mbili mwenye mimba au anayetafuta mimba asiguse. Naiasinamaidi ya asilimia 4 au 5 na vitamini C ni wasaidizi wazuri, ila zenyewe peke yake msizitegemee sana. Liwa na singo zinalainisha ngozi na zinanukia vizuri, mimi nazipenda, ila doa la melasma halitoki kwa liwa.

Haidrokwinoni, ile ya kufifisha weusi, ni dawa ya kweli na inafanya kazi, lakini ni ya daktari, kawaida asilimia 4 kwa miezi mitatu hivi alafu anakupumzisha. Tanzania, Kenya na Rwanda imepigwa marufuku kwenye vipodozi na kuna sababu, wanaoipaka kwa miaka bila usimamizi wengine wanapata weusi wa kibuluu wenye vipele vidogo mashavuni, na huo kuutoa ni kazi kubwa sana. Ukishauona acha ile krimu, usiongeze nyingine.

Na mkorogo. Yule dada anayekuchanganyia kwenye kopo lisilo na lebo hajui kipimo, na humo mara nyingi kuna klobetasoli au betamethasoni, steroidi kali, ndio maana siku tano tu uso unang'aa. Baadaye ngozi inakuwa nyembamba, mishipa inaonekana, chunusi na vinyweleo vinaota. Kama umetumia muda mrefu usikate ghafla mwenyewe, mwone daktari wa ngozi akupunguzie. Sabuni au krimu ikikuonya isiguse dhahabu wala fedha iogope kabisa, hilo ni onyo la zebaki, na zebaki inaharibu figo.

Piga picha siku ya kwanza, dirisha lilelile, saa ileile, alafu kila baada ya wiki nne, maana kioo cha kila siku hakikuonyeshi kitu na utakata tamaa wiki ya tatu wakati mabadiliko yanaanza kuonekana wiki ya nane mpaka ya kumi na mbili. Miezi mitatu ikipita bila tofauti yoyote nenda kwa daktari wa ngozi na hizo picha zako. Yakiisha punguza dawa taratibu, sanskrini usiache, hasa wenye melasma. Dada yangu ilimtoka yote, akaenda Tanga wiki mbili bila kofia, akarudi na kivuli chake kilekile juu ya mdomo.